Msuko wa Kwenda Barazani

…na tena nywele zenyewe zinavuta, zinavuta mpaka nyusi zimepanda juu kama za mtu aliyekanyaga nyoka, Biasha ana mikono ya kusukia ukili yule, si ya kichwa cha mtu, kamkalisha Mwamvua tangu alfajiri katikati ya magoti yake na kumtia mistari myembamba ya kwenda kisogoni, mafuta ya nazi yanamchuruzika shingoni, na mdomo nao haupumziki, tulia shoga, tulia, mwanamke aliyeachwa hujipamba, mjane ndiye hufumua, na akida si kipofu, atakutazama kichwa kabla hajakusikiliza… Mwamvua akainua mkono ajikune, akakumbuka yuko wapi, akaushusha mkono akaukalia. Baraza la akida hapa Kibiti limejaa leo, wanaume juu ya sakafu kivulini, wanawake chini kwenye mkeka na jua la migongoni, na katikati yao, jamani, mbuzi, beberu mwenye ndevu, amefungwa kwenye nguzo kama ndiye mshitakiwa, anatafuna ncha ya mkeka wa akida taratibu, na hakuna anayethubutu kumwondoa maana ndiye ushahidi. Kwanza shauri la mbuzi, kisha la Mwamvua. La Mwamvua ni fupi, Biasha kamfundisha njia nzima tangu walipovuka mto, na jana usiku kwa shangazi yake walikolala akarudia tena, utasimama, utasema mume wangu Haruni kabla hajaenda kwenye vita vya maji aliniacha, talaka tatu, basi, unafunga mdomo, mashahidi ni mume wangu mimi Biasha na nduguye, watakula kiapo kuwa walisikia kwa masikio yao wenyewe, na ukishakuwa mtalaka huwi mjane wa mtu, na asiye mjane harithiwi, na Mshamu akatafute pa kutia kichwa… na hao mashahidi wenyewe, Mola atusitiri, siku ile walikuwa Ngarambe huko foleni ya kuchukua maji ya dawa, wangesikiaje talaka ya kwetu Chumbi, labda upepo uliwapelekea.

Mshamu yuko pale juu, shemeji yake, kaka wa Haruni, amekaa mstari wa mbele na kanzu, kanzu ya nani kama si ya mare… ya Haruni, si ya Haruni ile, hata doa la utomvu wa korosho pale mfukoni lipo, aliichukua ukutani siku ya kwanza tu habari zilipofika, akasema naitunza isiliwe na mende. Zamani alikuwa akimwita shemeji, akija anasimama uani anapiga hodi mpaka sauti inakauka, siku hizi hapigi hodi, anaingia tu kama paka, anachungulia chungu, anauliza leo tunakula nini, tunakula, yeye na nani, na juzi kamwambia watu wamechoka kusubiri, ingia eda utoke nikufunike nguo tujue moja. Ndiyo desturi, nani asiyeijua, mume akifa mjane anafumua nywele, anaoshwa, anakaa eda, akitoka tu nduguye mume anamfunika nguo mabegani, kamrithi, yeye na chungu chake na shamba alilokuwa akililima, na shamba hilo la bondeni Chumbi halikuwa hata la Haruni, mama yake Mwamvua ndiye aliyefyeka matete yake, lakini nani anauliza, likishafunikwa limefunikwa. Naye Mwamvua akaona ujanja, wallahi aliuona ujanja mkubwa, kwamba asiyeingia hatoki, na asiyetoka hafunikwi, basi hakuingia. Habari zilipofika hakufumua, hakulia, alichukua jembe akaenda shambani, wanawake mtoni wakashika vinywa, ama ana moyo wa jiwe huyu, ama ana mtu, wakamtafutia mpaka huyo mtu, wakampa mchuuzi wa chumvi aliyepita mara moja tu, tena mwenye chongo. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimnong'oneza siku moja kuwa kwenye Kitabu mwanamke harithiwi kwa nguvu, alisema hivyo kwa sauti ndogo sana, akitazama nyuma, kwani yeye mwenyewe wake zake wawili ni wa kurithi.

Pale juu mtu wa makamo amesimama, mpwa wa Bi Mwanawetu, anajisafisha koo, anasema yeye ndiye atakayemsemea mama yake mdogo, maana ni mwanamke, tena mzee, tena mambo ya baraza hayajui, na Mwanawetu huyo kakaa hapa hapa mkekani ubavuni kwa Mwamvua, kibibi kikavu kama dagaa, ananuka ugoro, anamsikiliza mpwa wake kama anayesikiliza mvua ya mbali. Mbuzi walimlia mpunga wake, mche kwa mche, na mwenye mbuzi ni nani, si baba mkwe wa akida, ndiyo maana watu wamejaa hivi, hawakuja kuona haki, wamekuja kuona kibibi kitakavyotolewa mbio. Akida huyu, Sadallah, ni mgeni, kaletwa kutoka upande wa Bagamoyo baada ya vita, kaoa hapa hapa ili apate pa kulia ubwabwa, mtu mwembamba, anakohoa, hapigi kelele. Yule wa kwanza alikuwa akipiga kelele. Yule wa kwanza alikuwa na shamba la pamba la serikali na kiboko cha serikali, na nguzo hii, hii hii aliyofungwa beberu, baraza lilichomwa mwaka wa maji likajengwa upya lakini nguzo ilibaki, imeungua upande mmoja, nguzo hii ndiyo aliyokumbatishwa Haruni kwa kosa la kwenda kuangalia mpunga wake mwenyewe siku ya zamu ya pamba, na Mwamvua alikuwa papo, alikaa karibu na hapa alipokaa leo, akaambiwa anyamaze, akanyamaza, na Haruni njiani kurudi anatembea kwa ubavu kama kaa wa mikoko, anamwambia usilie mke wangu, kiboko kile kimechakaa, wangeniuliza ningewachongea kipya… Sasa leo umekuja kuomba nini hapa, Mwamvua, umekuja kuomba haki kwa nguzo. Ndiyo, hiyo ndiyo sheria yao, imemla Haruni mgongo, sasa unakwenda kuipigia magoti ikupe nafsi yako. Na ile ya maji je, nayo si ilikuwa na sheria zake, waliokunywa wasilale na wake zao, wasipore, wasiseme kadha, nao wake nyumbani wasigombane, na Mshamu huyu huyu siku hizi anapitapita akisema maji yaligeuka yasizuie risasi kwa sababu mke wa Haruni aligombana mtoni, aligombana na nani, na Biasha, kwa ajili ya kata, hata ugomvi haukuwa, walicheka mwisho, na yeye mwenyewe Mshamu maji hayakumgusa hata ukucha, wanaume walipoondoka kwenda vitani yeye alikuwa keshaingia delta kukata boriti, kajificha kwenye mikoko na mbu wake mpaka bunduki zilipolala, katoka huko kanenepa kwa kaa, sasa anajua miiko ya vita kuliko waliokufa… waliokwenda.

"Mpunga ulioliwa ni wako?"

Akida huyo, hajainua kichwa, anamuuliza mpwa. Mpwa kasema la, wa mama yake mdogo. "Basi kaa chini. Mwenye mpunga na aseme."

Watu wakageuka, mikeka ikalia, na Mwanawetu akamwekea Mwamvua mkono begani, akajiinua, mkono mwepesi kama jani lakini ulibonyeza, akasimama akajifunga nguo vizuri, hana haraka, akasema amesimama na magoti yake ni shahidi kuwa amesimama kwa tabu, kwa hiyo asikatwe maneno. Akaeleza alivyomjua beberu, maana alimrushia mchi usiku wa mbalamwezi ukamvunja ncha ya pembe, mchi anao nyumbani na ncha ya pembe anayo hapa, akaifungua kwenye pindo la kaniki, akaenda mwenyewe akamwekea mbuzi kichwani, ikakaa sawasawa kama kifuniko na chungu, beberu akaacha kutafuna kidogo akamtazama, wote wawili wana ndevu, watu wakaangua kicheko. Kisha kibibi kikamgeukia baba mkwe wa akida pale alipokaa na kofia yake ya mkono, kikasema kwa adabu kabisa, "Wewe mkwe wa bwana akida nakuheshimu. Mbuzi wako simheshimu." Hapo hata askari akajiuma mdomo, na Mwamvua naye akacheka, kicheko kikamponyoka, nywele zikamvuta, machozi yakamtoka, hajui ya nywele au ya kicheko, maana Haruni angekuwepo angelisema hili neno kwa miaka, kila mbuzi akipita angemsimamia njiani, wewe sikuheshimu… Haruni wa maneno. Alfajiri ile juu ya dungu, mpunga ndio unatoa masuke, maji bado yapo chini kwenye nguzo za dungu, yeye anafunga mshipi wake, kitawi cha mtama kichwani kama walivyoagizwa, Mwamvua anaogopa hata kumgusa kwa sababu ya miiko, na yeye anacheka tu, anasema, usiwaachie ndege mpunga wetu, wakikushinda piga kelele, nitasikia hata nikiwa Ngarambe. Akashuka ngazi. Hakusema lingine. Naye msimu ule alipiga kelele, alipiga debe, alipiga makofi, alikaa juu ya dungu peke yake akiwafukuza ndege na kuita mpaka sauti ikageuka ya kiume, ndege walikwenda, na masikio aliyokuwa akiyaitia… Sasa akasimame aseme, Haruni yule alfajiri ile aliniacha. Talaka tatu. Badala ya ndege, talaka tatu. Na karani ataandika, na ikishaandikwa ndivyo ilivyokuwa, wajukuu wa watu watasema Haruni, ee, yule aliyemtaliki mkewe asubuhi ya kwenda vitani. Hapana, ngoja, usifikirie hayo, fikiria Mshamu na chungu, fikiria nguo mabegani, ndiyo, sema tu talaka, Biasha keshapanga, Biasha anamtazama hapo anampa jicho, mashahidi wako kule nyuma wamekaa kama kuku wa mnadani, watalishwa kiapo kwa ajili yako…

Na kule pembeni mwa Mshamu yuko Abdalah, ameunyoosha mguu wake mbovu mbele. Shahidi wa Mshamu huyo, shahidi wa kweli, hilo ndilo linalouma. Abdalah alikwenda na Haruni, akarudi peke yake, akajisalimisha, akatengeneza barabara ya serikali mpaka akasamehewa, na alichokisema kakisema kwa watu wote, kwamba kwenye kivuko bunduki kubwa ilipoanza wengine walirudi nyuma na Haruni akawa mbele, na alianguka mara moja, na wao wenzake walirudi jioni wakamfunika matawi ya msegese, yeye Abdalah ndiye aliyemfumba macho. Leo ataitwa aseme hayo, na Mwamvua atasimama aseme mtu huyo muongo? Hapana, hatasema ni muongo, atasema tu talaka, ni jambo jingine… lakini hata kumtazama hawezi, tangu Abdalah arudi hajawahi kumuuliza neno, akimwona mtoni anageuza njia, kwa sababu Abdalah ana macho ya Haruni mikononi mwake, ndiye aliyeyafumba, na ukimuuliza ndiyo imekwisha. Ujanja, eti ujanja, asiyeingia hatoki. Ule ujanja ulimkimbia Mshamu au ulimkimbia Haruni… mtu amefunikwa matawi porini, hana kaburi, hana hitima, na mkewe hata nywele hakumfumulia, kwa kumwogopa nduguye. Alimnyima Haruni kilio chake ili amnyime Mshamu nguo yake. Loo.

Akida anakohoa. Anatazama chini ya miguu yake pale mbuzi alipoula mkeka, na Mwamvua akajua, kama wote walivyojua, kuwa sasa ndipo kibibi kitakapoambiwa kiende zake na mwakani kijenge ua. "Baba," akida kamwambia mkwewe, na sauti yake haikuwa kubwa, "utamlipa mpunga wake kutoka shambani kwako, na ua utajenga wewe." Basi. Mzee akavua kofia yake akavaa tena. Hakuna aliyepiga vigelegele, walishikwa na butwaa, kelele za chini zikapita mkekani kama upepo kwenye mpunga, kaamua, kamwamulia mkwewe, leo halali ndani huyu, mkewe atamfungia mlango, na mwingine akasema hivyo ndivyo ilivyokuwa kule Mohoro kwa yule mjane, hamkusikia, mjane alisimama mbele ya bwana shauri, yule Mjerumani wa boma, akasema mimi sirithiwi, na bwana shauri akamuuliza shemeji yake, Mshamu wake huyo, huyu ni jembe? Na mwenzake anamkatiza, haikuwa Mohoro, ilikuwa Kikale, na mjane mwenyewe ni binamu yake Bi Sikujua. Habari hiyo Mwamvua kaisikia mara ngapi mtoni, leo mjane ni wa Mohoro, kesho wa Kikale, siku moja kashinda, siku nyingine kashindwa lakini karudi tena mpaka wakachoka naye, kila msimuliaji ana mjane wake, na hakuna, hebu fikiri, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona, hana jina, hana uso… labda hayupo. Labda huyo mwanamke hajatokea bado. Wanamngoja wote, wanamtunga kidogo kidogo mtoni kila mtu na kipande chake, kama wanavyomtunga yule mchuuzi wa chumvi, ila huyu wanamtaka awe kweli, na siku hizi hata watoto wakigombana hawapigani tena, wanamvika mmoja kifuu kichwani, akida, wanamwambia, tuamue. Na mabinti wakichokozwa kisimani hawatukani, wanasema tutaonana barazani, wanalisema kama wimbo, hawajui hata baraza lina mlango upande gani, lakini wanalisema, na kabla ya vita nani alisema hivyo, kabla ya vita baraza ulilikimbia kama tauni. Wanaume walikwisha, ndipo wanawake wakabaki na midomo yao tu, na midomo imezoea.

Nguzo ni nguzo. Nguzo haikumpiga Haruni, aliyempiga ni mtu. Biasha ana singe ya bunduki ya askari, aliiokota kwenye matete baada ya vita, wenzake wakamwambia itupe ina damu ya watu wetu, yeye akaifua kwa mchanga, sasa anapasulia kambare, hakuna kisu Chumbi nzima kinachopasua kama kile, na kila akipasua anasema, haya, nitumikie nawe… Mwenye mpunga na aseme. Si ndivyo alivyosema? Hakusema mwenye talaka. Jambo ni la nani, la Mshamu? Anayefunikwa nguo nani, mabegani mwa nani. Mwamvua akalijaribu neno kimoyomoyo, kwanza pembeni, kama mtu anayegusa chungu cha moto, Haruni hakuniacha. Likakaa. Akajaribu la pili, akavuta pumzi, jua migongoni, harufu ya beberu, ugoro wa Mwanawetu anayerudi kukaa na kupumua kwa nguvu, akalisema lile aliloligeuzia njia tangu msimu ule. Marehemu. Marehemu mume wangu. Amekufa, Abdalah asema kweli, namshukuru Abdalah kwa kumfumba macho, amekufa naye ni mume wangu, nami nitamkalia eda yake yote nyumbani kwangu Chumbi, na nikitoka, bwana akida, simtaki anayekuja na nguo, mimi ni mwenye mpunga, nami nasema. Na akikataa akida? Akikataa nitarudi. Watachoka wao. Na asipochoka huyu yuko bwana shauri wa Mohoro, njia ya Mohoro naijua, na safari hii watakaposimulia mtoni watakuwa na jina.

Mkono ukatoka chini ya paja wenyewe. Ukapanda kisogoni, ukatafuta fundo la mstari wa kwanza, mafuta yanateleza, Biasha amefunga kwa uzi wa mgomba mbaya huyu, ukucha ukaingia, fundo likalegea. Biasha akamfinya ubavuni, akamnong'oneza, "We Mwamvua, unafanya nini?"

"Nafumua."

Biasha akaangalia nyuma kule waliko mashahidi, akawapa ishara ya mkono, kama mtu anayefukuza kuku, nao wakainuka polepole wakiwa na furaha isiyofichika. Pale juu Mshamu kaona. Anatabasamu, maskini, anamgusa Abdalah kwa kiwiko, kaona mjane anafumua, keshakubali, keshaingia, anaipangusa kanzu kifuani tayari, na Mwamvua akamtazama vizuri mpaka kwenye doa la korosho, akamwacha atabasamu, kwa nini amnyime, dakika zake hizo ni chache. Kisha akamtazama Abdalah. Abdalah hakutabasamu, aliinamisha kichwa chini kidogo, kama watu wanavyofanya msibani mlangoni, naye akainamisha chake, na ndipo machozi yalipokuja, haya si ya nywele. Karani bado anachonga kalamu yake. Beberu bado yuko nguzoni, hakuna aliyekumbuka kumfungua, ameurudia mkeka. Bado hawajaita jina la mtu. Na Mwanawetu, bila kuuliza, bila hata kutazama, akatema ugoro pembeni, akasogea, akaanza kumfumulia upande wa pili, vidole vyake vikavu vinajua njia, mstari kwa mstari, na kichwa cha Mwamvua kikaanza kupumua.